Zaidi, Nakisi na Timamu: Walichokiongeza Maulamaa wa Baghdad katika Elimu ya Namba

Katika makala na hotuba zinazohusu turathi kuna kauli moja inayorejea kila mara: kwamba maulamaa wa zama za Bani Abbas waliihifadhi elimu ya Wagiriki mpaka Ulaya ilipoamka ikaja kuichukua. Kauli hiyo husemwa kwa nia njema, na aghlabu wasikilizaji huipokea kwa fahari. Lakini tukiipima tutaona kwamba sifa inayotolewa humo ni ndogo. Aliyewekewa amana husifiwa kwa uaminifu wake tu, kwa kuwa mali yenyewe imechumwa na mwingine. Tukikubali kwamba kazi ya Baghdad ilikuwa ni kuhifadhi, tumekubali pia kwamba kwa muda wa karne nne au tano watu wale walikaa mlangoni mwa ghala wakingojea mwenyewe arudi.

Makala haya yanaikosoa kauli hiyo kwa mfano mmoja tu, nao ni wa namba na jumla ya vigawo vyake. Nimeuchagua mfano mdogo kwa makusudi. Katika mambo mengi ya historia msomaji hana budi kumwamini mwandishi, kwa sababu hati ziko mbali naye. Katika jambo hili hana haja ya kumwamini mtu. Akiwa na kalamu na karatasi anaweza kukaa kitako na kuhakikisha mwenyewe nani alisema kweli, nani alikosea, na nani aliongeza jambo ambalo halikuwapo.

Namba na vigawo vyake

Tukisema kigawo cha namba, hapa tunakusudia namba iliyo ndogo kuliko yenyewe na inayoigawa bila ya kubakisha kitu. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6 ileile. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6, na jumla yake ni 16, yaani imepita namba yenyewe kwa 4. Vigawo vya 8 ni 1, 2 na 4, na jumla yake ni 7, yaani imepungua kwa 1. Kila namba nzima imo katika moja ya mafungu haya matatu. Ukianza na 1 mpaka 100 utapata namba 76 ambazo vigawo vyake vinapungua, 22 ambazo vigawo vyake vinazidi, na mbili tu zilizo sawasawa, nazo ni 6 na 28.

Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu waliyaita mafungu hayo *tamm*, *zaid* na *naqis*. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Sisi husema mtu ana akili timamu, husema zaidi ya hapo, na kila mwaka husikia habari za nakisi ya bajeti. Maneno hayo tumeyapata katika asili hiyohiyo. Kwa hiyo katika makala haya nitasema namba timamu, namba ya zaidi na namba ya nakisi. Wapo wanaopendelea kusema "namba kamili" kwa ile ya kwanza, lakini katika vitabu vya skuli vya Tanzania jina hilo limeshapewa namba nzima zote, chanya na hasi, na kulitumia mara ya pili ni kumchanganya mwanafunzi bila ya faida.

Kitabu kilichotoka Jarash

Mgawanyo huu ulienea kwa kitabu cha Nicomachus wa Gerasa, mji unaoitwa leo Jarash, katika nchi ya Jordan. Nicomachus aliishi mwishoni mwa karne ya kwanza na mwanzoni mwa karne ya pili Miladia, na kitabu chake cha utangulizi wa elimu ya namba kilisomwa, kwa Kigiriki, kwa Kilatini na kwa Kiarabu, kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ni kitabu chepesi kukisoma, na wepesi huo ndio uliokipa umri mrefu. Lakini kina kasoro tatu, na kila moja ni muhimu kwa habari yetu.

Kasoro ya kwanza ni kwamba tashbihi imewekwa mahali pa hoja. Nicomachus anaifananisha namba ya zaidi na kiumbe aliyezidishiwa viungo, mwenye vinywa kumi, safu tatu za meno au mikono mia. Namba ya nakisi anaifananisha na kiumbe mwenye jicho moja, au mkono mmoja, au asiye na ulimi. Namba timamu ndiyo iliyo sawa, na kama uzuri na wema, ni adimu. Tashbihi hizo zinashika moyoni, lakini hazituambii lolote juu ya namba. Haziwezi kutuonyesha kwa nini 20 imezidi na 44 imepungua, wala imezidi kwa kiasi gani.

Na hata kama tashbihi, mfano huo unapingwa na maisha ya watu. Popote pale ambapo binadamu wamehitaji kugawana, wamezikimbilia namba za zaidi. Siku na usiku wake ni saa 24, saa ni dakika 60, duara ni digrii 360, na zote hizo ni namba za zaidi. Boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini kutoka Lamu na Rufiji kupelekwa Ghuba zilihesabiwa kwa korja, na korja ni 20, nayo pia ni namba ya zaidi. Mfanyabiashara hakuona ulemavu katika 20. Aliona kwamba anaweza kuigawa kwa nusu, kwa robo, kwa sehemu ya tano na ya kumi bila ya kukata boti moja ya mti. Namba ya zaidi ni namba yenye ukarimu wa kugawika.

Msomaji aliyepitia elimu ya mirathi atakumbuka jambo jengine. Asili za masuala zinazojulikana kwa mafungu yaliyotajwa katika Kurani ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Kwa wanaokubali hukumu ya *aul*, yaani kupandisha asili pale mafungu yanapozidi mali, asili zinazoweza kupandishwa ni tatu tu, nazo ni 6, 12 na 24. Sasa zipime kwa vigawo vyake. 2, 3, 4 na 8 ni za nakisi. 6 ni timamu. 12 na 24 ni za zaidi. Zinazopanda ni zile tatu tu ambazo si za nakisi. Sisemi kwamba hukumu imetokana na hesabu hii, kwani mafungu ya warithi yana masharti yake, na thuluthi mbili haimo katika vigawo tulivyovitaja. Nasema tu kwamba mwenye kugawa mali ya marehemu anazitumia namba hizi kila siku, na habari za kiumbe mwenye vinywa kumi hazimsaidii kitu.

Kasoro ya pili ni madai yasiyo na uthibitisho. Nicomachus alizijua namba timamu nne: 6, 28, 496 na 8128. Akaona moja imo katika mamoja, moja katika makumi, moja katika mamia na moja katika maelfu. Akaona pia mwisho wake ni 6, kisha 8, kisha 6, kisha 8. Akahukumu kwamba mambo yataendelea hivyohivyo. Namba timamu ya tano ni 33,550,336, yenye tarakimu nane, na ya sita ni 8,589,869,056. Kwa hiyo makumi elfu hayana namba timamu hata moja, na ya tano na ya sita zote mbili zinaishia na 6. Hukumu zote mbili zimeanguka. Kilichosimama ni hiki tu, kwamba zinazotokana na kanuni yake huishia kwa 6 au kwa 8.

Kasoro ya tatu imejificha zaidi. Nicomachus aliuweka mgawanyo wote huu chini ya mlango wa namba shufwa, kana kwamba namba witiri hazihusiki. Msomaji anayemfuata hatojiuliza kama iko namba witiri ambayo vigawo vyake vinazidi.

Mbadilisha fedha wa Harran

Aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kiarabu ni Thabit bin Qurra. Alizaliwa Harran, mji uliopo leo upande wa kusini wa Uturuki, katika jamii ya Masabii, na lugha ya kwao ilikuwa Kisuriani. Inasimuliwa kwamba kazi yake ilikuwa ya kubadilisha fedha, mpaka Muhammad bin Musa, mmoja wa wale ndugu watatu wanaojulikana kwa jina la Banu Musa, alipokutana naye, akavutiwa na ujuzi wake wa lugha na akamchukua Baghdad. Huko alitafsiri, akasahihisha tafsiri ya kitabu cha Euclid iliyofanywa na Ishaq bin Hunayn, na akaandika vyake mwenyewe. Alifariki mwaka 288 Hijria, sawa na 901 Miladia.

Kama yuko mtu anayestahiki kuitwa mhifadhi, basi ni huyu, kwani alikipitisha mkononi mwake kitabu cha Nicomachus na cha Euclid. Ndiyo maana risala yake juu ya namba zinazopendana ina uzito mkubwa katika kesi hii. Katika utangulizi wake Thabit anapanga hesabu ya madeni kwa uangalifu wa mbadilisha fedha. Anasema kwamba wafuasi wa Pythagoras walishughulika na aina mbili za namba, timamu na zinazopendana. Juu ya zile timamu, Nicomachus alitaja njia ya kuzipata lakini hakuithibitisha, na Euclid ndiye aliyeithibitisha. Ama zile zinazopendana, hakumwona yeyote kati ya wawili hao aliyezishughulikia. Basi yeye atazishughulikia, na kwa uthibitisho.

Huo ni utangulizi wa mkosoaji. Anataja walichokifanya waliomtangulia, anataja walichokiacha, na anaweka wazi atakachokiongeza. Hamdhalilishi Nicomachus, wala hamtukuzi kupita kiasi chake.

Kinachofuata ni kikavu. Hakuna vinywa kumi wala jicho moja. Thabit anajenga hatua moja juu ya nyingine mpaka anafika anapotaka. Nitaieleza hatua moja tu, kwa sababu inaonyesha tofauti yake na Nicomachus kuliko nyingine yoyote. Anza na moja na uzidishe kwa mbili: 1, 2, 4. Jumla yake ni 7. Sasa ile ya mwisho, 4, izidishe kwa namba tasa iliyo witiri, yaani isiyogawika ila kwa moja na kwa nafsi yake. Ukiizidisha kwa 7 yenyewe unapata 28, na hiyo ni timamu. Ukiizidisha kwa tasa iliyo ndogo kuliko 7, unapata namba ya zaidi, na ziada yake ni ile tofauti baina ya hiyo tasa na 7. Kwa 5 unapata 20. Vigawo vyake ni 1, 2, 4, 5 na 10, jumla 22, ziada 2. Ukiizidisha kwa tasa iliyo kubwa kuliko 7, unapata namba ya nakisi, na upungufu wake ni ile tofauti vilevile. Kwa 11 unapata 44. Vigawo vyake ni 1, 2, 4, 11 na 22, jumla 40, upungufu 4.

Na kanuni hiyo haiishii kwa 4. Ukiendelea mpaka 8 jumla inakuwa 15, ukiendelea mpaka 16 inakuwa 31, na mizani ni ileile. Zaidi, timamu na nakisi zimekaa juu ya mstari mmoja, na kinachozitenganisha ni kipimo kinachohesabika. Nicomachus aliona maumbile matatu tofauti, moja zuri na mawili mabaya. Thabit alionyesha kwamba ni jambo moja linalopanda na kushuka.

Kutoka hapo anafika kwenye namba zinazopendana. Hizo ni namba mbili ambazo jumla ya vigawo vya kila moja ni namba ya pili. Jozi ya zamani ni 220 na 284. Vigawo vya 220 ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110, na jumla yake ni 284. Vigawo vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142, na jumla yake ni 220. Waliomtangulia Thabit waliijua jozi hiyo. Yeye alitoa njia ya kutafuta nyingine.

Njia yenyewe, kwa maneno ya leo, ni hii. Panga mfululizo wa 3, 6, 12, 24, 48, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Chukua mbili zinazofuatana, kwa mfano 6 na 12. Punguza moja katika kila moja, upate 5 na 11. Kisha zidisha 6 kwa 12, upate 72, na upunguze moja, upate 71. Kama zote tatu, 5, 11 na 71, ni tasa, kazi imekwisha. Gawa ile 12 kwa 3, upate 4. Zidisha 4 kwa 5 kwa 11, ni 220. Zidisha 4 kwa 71, ni 284. Ukijaribu 12 na 24 unapata 11, 23 na 287, lakini 287 ni 7 mara 41, si tasa, na njia imefungwa. Ukijaribu 24 na 48 unapata 23, 47 na 1151, zote tasa, na jozi inayotoka ni 17,296 na 18,416.

Katika jozi hizi mna jambo ambalo mfano wa Nicomachus hauwezi kulibeba. 220 ni namba ya zaidi, na imezidi kwa 64. 284 ni namba ya nakisi, na imepungua kwa 64. Ni hivyo katika kila jozi: iliyo ndogo ni ya zaidi, iliyo kubwa ni ya nakisi, na kinachozidi huku ndicho kinachopungua kule, wala haiwezekani iwe vyengine. Viumbe wawili walioitwa vilema, kila mmoja amebeba kile anachokikosa mwenziwe.

Risala ya Thabit nayo ina mpaka wake, na ukosoaji wa haki hauna budi kuutaja. Kanuni yake inathibitisha kwamba zinazopatikana kwa njia hiyo hupendana. Haisemi kwamba hakuna nyingine, na kweli zipo. Jozi ya 1184 na 1210 ni ndogo kuliko ile ya 17,296, lakini haipatikani kwa kanuni hiyo. Ilitolewa mwaka 1866 na kijana wa Kitaliano, Nicolò Paganini. Basi kanuni ya Thabit ni mlango mmoja wa nyumba ambayo vyumba vyake vyote havijahesabiwa mpaka leo.

Faqihi aliyesahihisha

Aliyeuvunja mpaka wa namba shufwa tunamjua kwa kazi nyingine. Abu Mansur Abd al-Qahir bin Tahir al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 429 Hijria, sawa na 1037 Miladia, alikuwa faqihi wa Kishafi, na watu wengi humtaja kwa kitabu chake cha *al-Farq bayna al-firaq*, kinachohusu makundi na tofauti zao. Alikuwa pia mtu wa hesabu, na katika kitabu chake cha *al-Takmila* alizipitia hukumu za Nicomachus moja moja. Aliyesema kwamba kila daraja ya kumi ina namba timamu yake amekosea, kwani baina ya elfu kumi na laki moja hakuna hata moja. Aliyesema kwamba huishia na 6 au 8 amesema kweli. Amekataa kilicho batili na kubakisha kilicho sahihi, bila ya kukitupa kitabu kizima.

Al-Baghdadi akaitaja pia 945 kuwa ndiyo namba witiri ya kwanza iliyo ya zaidi. Msomaji aipime. Vigawo vyake ni 1, 3, 5, 7, 9, 15, 21, 27, 35, 45, 63, 105, 135, 189 na 315, na jumla yake ni 975. Imezidi kwa 30. Kabla yake hakuna witiri yoyote inayozidi. Mtu hafiki 945 kwa bahati; ni lazima awe ameuliza suali ambalo kitabu cha Jarash kilimzuia asiulize.

Kisha akaongeza fungu jipya, la namba zinazolingana, yaani namba mbalimbali zenye jumla moja ya vigawo. Ukitaka namba ambazo jumla ya vigawo vyake ni 57, punguza moja, ubaki na 56, kisha igawe 56 kuwa jumla ya tasa mbili: 3 na 53, 13 na 43, 19 na 37. Zidisha kila jozi na utapata 159, 559 na 703. Vigawo vya 159 ni 1, 3 na 53, jumla 57, na hizo nyingine mbili ni hivyohivyo. Humo hamna siri kubwa, lakini ni aina ya swali ambalo mtu hulizua akiwa anaifanyia elimu kazi, akiwa hakuwekewa tu aichunge.

Karibu miaka mia tatu baadaye Kamal al-Din al-Farisi, yule aliyeeleza sababu ya upinde wa mvua, aliirejea kanuni ya Thabit na kuithibitisha kwa njia nyingine. Risala yake aliiita kwa jina linalomaanisha ukumbusho kwa wapenzi katika kubainisha kupendana kwa namba. Ili afike huko alilazimika kuchunguza namna kila namba isiyo tasa inavyovunjika kuwa tasa, na namna vigawo vyake vyote vinavyotokana na hizo tasa. Hapo jumla ya vigawo imekoma kuwa mchezo wa namba moja moja, na imekuwa njia ya kuielewa namba yoyote. Jozi ya 17,296 na 18,416 imo katika kazi yake, na wakati huohuo ilijulikana pia Marrakesh kwa Ibn al-Banna. Ulaya iliijua kwa Fermat, mwaka 1636. Jozi ya tatu ya kanuni hiyo, 9,363,584 na 9,437,056, inatajwa kwa jina la Descartes, mwaka 1638, na Muhammad Baqir Yazdi wa Iran aliifikia naye katika karne hiyohiyo ya 17.

Makosa mawili ya wapenda turathi

Tukifika hapa liko kosa la pili linalotungoja, nalo ni kinyume cha lile la kwanza. Ni kusema kwamba kila kitu kilikuwa chetu na wengine wameiba. Kufanana kwa majibu si ushahidi wa wizi. Kanuni moja iliyo sahihi itampa kila anayeifuata jozi ileile, awe Tabriz au Toulouse. Wala Ulaya yote haikunyamaza. Mwaka 1852 Franz Woepcke aliichapisha risala ya Thabit kwa muhtasari wa Kifaransa katika jarida la *Journal asiatique*, na katika kichwa cha makala yake alisema waziwazi kwamba hiyo ni nadharia *iliyoongezwa* na Thabit katika elimu ya Wagiriki. Mgeni yule alitumia neno "kuongeza", na sisi baada ya zaidi ya miaka 170 bado tunasema "kuhifadhi". Katika miaka ya 1980 mwanahistoria wa Kimisri Roshdi Rashed aliichapisha risala ya al-Farisi na kuionyesha dunia thamani yake. Ushahidi upo; kinachokosekana ni kuusoma.

Turathi ya kweli ina makosa yake, na makosa nayo yaandikwe. Katika karne ya 13 Ibn Fallus alitoa jedwali la namba kumi alizoziona kuwa timamu. Saba za mwanzo ni sahihi, nazo ni nyingi kwa wakati wake. Tatu zilizobaki si sahihi. Ikhwan al-Safa wa Basra, katika risala yao ya kwanza, waliyafikisha maneno ya zaidi, nakisi na timamu kwa wasomaji wengi, lakini walibaki karibu zaidi na fikra za Pythagoras kuliko na uthibitisho wa Thabit. Na 220 na 284 ziliingia katika talasimu za mahaba: kitabu cha *Ghayat al-hakim* kinazitaja kwa kazi hiyo, na Ibn Khaldun ameieleza habari yake katika *al-Muqaddima*. Watu wa pwani yetu, waliozoea kuona hirizi zenye miraba ya namba, hawatostaajabu. Lakini namba ambazo Thabit alizithibitisha hazikuongezewa nguvu na talasimu, wala hazikupunguziwa.

Kwa hiyo hukumu ya makala haya ni kwamba neno "walihifadhi" liachwe pale ambapo kazi ilikuwa ni kuongeza. Mwandishi wa turathi aige utangulizi wa Thabit: ataje kilichopokewa na kwa nani, ataje kilichokosewa, kisha aoneshe kilichoongezwa, ili msomaji aweze kukipima. Sifa inayopimika haihitaji kupigiwa ngoma.

Na jambo hili linawahusu zaidi watoto wetu waliokulia Maskati, Dubai au London, wanaosoma hisabati kwa Kiarabu au kwa Kiingereza na kudhani kwamba Kiswahili ni lugha ya jikoni na ya harusi tu. Maneno timamu, zaidi na nakisi wanayo tayari midomoni. Asiambiwe mtoto kwamba babu zake wa elimu walikuwa wakubwa. Apewe kalamu na karatasi, atafute vigawo vya 220, avijumlishe, kisha atafute vigawo vya ile namba aliyoipata.